Baridi ya Nzilani

Alhamisi saa tisa mchana, Kambu huwa na joto la kumfanya hata mbuzi afikirie kuokoka. Ndani ya kontena joto huzidi, maana kontena ni bati tupu, na waliolileta nyuma ya kanisa la Pasta Evanson liwe maktaba ya watoto walikata dirisha moja tu, tena upande usio na upepo. Hata hivyo watoto walijaa kila Alhamisi. Yvonne, msichana aliyewekwa na kanisa kutunza vitabu, aliwasomea hadithi kwa sauti, na akimaliza aligawa biskuti. Wengine walikuja kwa ajili ya hadithi. Wengi walikuja kwa ajili ya biskuti, tusidanganyane.

Mtu mzima pekee aliyekaa humo ni Susu Kanyiva. Susu ni bibi kwa Kikamba, na yeye alikuwa susu wa kila mtu, apende asipende, na mara nyingi hakupenda. Aliuza njugu kwenye matuta ya barabara ya Mombasa, pale malori yanapopunguza mwendo, lakini jua la saa tisa lilikuwa limemshinda. Basi alihamia kwenye kontena na kigoda chake, akaketi karibu na mlango akifunga njugu kwenye vipande vya gazeti. Hadithi zenyewe hakuzisikiliza. Alisema mambo ya dubu kuvaa suruali hayamhusu mtu mwenye mbuzi wa kulisha.

Vitabu vilikuwa vimetoka ng'ambo kwa masanduku, vimetafsiriwa kwa Kiswahili na mtu mwenye haraka, na karibu vyote vilikuwa na baridi. Fungua hiki, theluji. Fungua kile, theluji, na dubu amelala, na mtoto amevaa soksi mikononi. Yvonne alipelekwa semina Machakos kufundishwa namna ya kuvisoma, akaambiwa kwamba majira ya baridi katika hadithi za watoto yana maana yake: ni kungoja, ni kujaribiwa, ni moyo kutakaswa kabla maua hayajachanua. Akayakariri yote, akapewa cheti na soda. Aliporudi aliwauliza watoto wa Kambu wao wanaonaje maana ya majira ya baridi. Mtoto mmoja akasema ni wakati ambao wenye nyumba hufunga milango. Yvonne akamwambia ajaribu tena.

Theluji yenyewe walikuwa wanaijua. Ni ile kitu nyeupe inayoota kwenye friji ya Mama Ciku pale hotelini, ambayo hung'olewa kwa kisu soda zikikwama.

Alhamisi hiyo kitabu kilikuwa cha msichana asiye na kwao. Mji ni wa huko, wenye mapaa yaliyochongoka, na ni usiku wa sikukuu. Msichana hana sweta, viatu vyake ni matambara, na kitabu hakijisumbui hata kumpa jina. Anapita mlango kwa mlango. Kwa fundi viatu wanakula bata. Kwa mwoka mikate wanakula mikate, bila shaka. Kwa kasisi wanaomba. Kila mlango anabisha, na hakuna anayeitika. Mwishowe anaketi kwenye ngazi za kanisa, na asubuhi watu wanamkuta ameganda, anatabasamu. Hapo mji mzima unalia sana, na ndege anaimba kuonyesha kwamba maua yako njiani.

Yvonne alijua kusoma, hilo hakuna wa kumnyima. Alipofika mlango wa mwoka mikate aligonga ukuta wa kontena kwa kidole, akasema kwa sauti ndogo, "Hodi."

"Karibu," akasema Susu Kanyiva, macho yakiwa kwenye njugu.

Hakukusudia. Ni mazoea. Mtu aliyelelewa pande hizi hawezi kusikia hodi akanyamaza, hata kama yuko bafuni ana povu machoni, hata kama anayebisha ni mtu wa kuomba kura. Mdomo hutangulia. Basi msichana akaingia.

Alitokea upande wa kitabu, akapita katikati ya watoto akiwaomba radhi, na theluji ikamfuata juu ya kichwa, kipande chenye upana wa shuka, ikianguka polepole kwenye mkeka. Watoto walisogea wakae chini yake, kwa sababu ya lile joto. Yvonne alitazama kitabu akaona mlango wa mwoka mikate uko wazi na hapana mtu. Akafunua ukurasa uliofuata. Watu walikuwa wanakula mikate, basi, na hakukuwa na cha kusoma. Alisema hadithi imeisha, akagawa biskuti, na mgeni naye akapata yake.

Susu Kanyiva aliweka njugu chini, akauliza huyu mtoto ni wa nani.

"Ni wa story, Susu," Yvonne akasema. "Alifaa kufa kwa page ya mwisho."

"Afe ameuawa na nini?"

"Winter. Majira ya baridi."

"Na hao watu wenye milango?"

Yvonne akasema kitabu hakiwalaumu. Wao walilia sana asubuhi, na huko semina waliambiwa kilio hicho ndicho moyo kutakaswa. Susu Kanyiva akasema jambo kwa Kikamba kuhusu semina ambalo watoto walilicheka na sisi hatutaliandika.

Alimuuliza mtoto jina. Mtoto akasema kwa kile Kiswahili cha mfasiri, "Ee mama mwema, mimi sina jina, naomba hifadhi." Susu akamwambia mambo ya ee mama mwema ayaache hapohapo. Jina lake ni Nzilani, ambalo wanapewa wasichana waliopatikana njiani, na sasa twende tukanywe chai.

Hoteli ya Waithera, ambaye wote walimwita Mama Ciku, ilikuwa ng'ambo ya barabara, na wateja wake wengi ni madereva wa malori. Waithera alitoka Murang'a, ambako maji hutoka ardhini bila kubembelezwa, na miaka yote aliyokaa Kambu hakuwahi kuzoea kuyangoja. Alipoona theluji inaangukia meza yake alikimbilia jikoni. Aliweka sufuria juu ya meza na nyingine juu ya kiti. Zilipojaa akapika chai, madereva wakainywa, na mmoja akasema leo chai haina chumvi kama ya siku zote.

Kisha Nzilani akaletewa uji wa moto na sweta ya Ciku, binti wa Waithera. Mashavu yakapata rangi. Theluji ikapungua, ikawa vumbi, ikakoma. Waithera alisimama akimtazama, mikono kiunoni. Baadaye akamvua ile sweta taratibu, akasema inataka kufuliwa, na theluji ikaanza upya.

Jumapili Pasta Evanson alihubiri kuhusu watu wa kitabu. Alikuwa amekisoma chote Jumamosi na kimemkasirisha. Alisema wale walikuwa na mioyo ya mawe, wanakula bata huku mwana wa Mungu anabisha, na kwamba jambo kama hilo haliwezi kutokea Kambu, kwa sababu hapa mtu akisema hodi anaitikiwa. Kanisa likasema amina. Wamama walilia. Mwoka mikate alilaaniwa kwa jina la kazi yake, na zikachangwa sweta, ingawa sweta zilizopo Kambu ni za shule tu. Nzilani akavalishwa tatu, moja juu ya nyingine, akalala kwa Susu Kanyiva karibu na jiko, akala muthokoi akaomba nyongeza. Wiki nzima haikuanguka theluji hata ya kulowesha kijiko.

Na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Mvua za Novemba zilikuwa zimepita juu juu, kama mgeni anayesalimia akiwa ndani ya gari. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walichimba mashimo humo wakangoja maji yajikusanye, kikombe kwa kikombe, wakilinda zamu kwa ndoo na wakati mwingine kwa ngumi. Mfereji ulikuwepo. Mheshimiwa mbunge aliuzindua kwa utepe mwekundu na nyama choma, akafungua bomba mbele ya watu, likakohoa, likatoa hewa. Watu walipiga makofi kwa sababu walikuwa wameshiba. Tangu hapo bomba lilikuwa limesimama sokoni, na kuku wamelizoea.

Sasa fikiria umetoka mtoni na mtungi nusu, mgongo unauma, unapita kwa Susu Kanyiva, unamwona mtoto wa theluji amekaa na sweta tatu. Watu walianza kwa upole. Walisema si avue moja tu. Mbona tatu, kwani anaenda wapi?

Mwangangi akaitisha kamati ya maji. Alikuwa mwenyekiti wa kamati hiyo tangu enzi ambazo hakukuwa na maji, yaani tangu zamani, na alikuwa mtu mtaratibu asiyependa kelele. Alisema hawaombi makubwa. Mtoto akae kwenye ngazi za kanisa nusu saa, bila sweta, theluji iangukie bati, jua liiyeyushe, maji yapite kwenye mfereji wa paa hadi tangi. Kisha avalishwe, apewe uji, aende nyumbani. Susu Kanyiva mwenyewe aliona si vibaya sana. Mbuzi wake walikuwa wanakohoa. Alimpeleka Nzilani kwa mkono, akamngojea kando ya ngazi, akamfunika na leso nusu saa ilipoisha.

Nusu saa ilitoa maji ya kutosha chai ya kamati. Ikafanywa saa nzima, kisha asubuhi yote, na bado tangi halikufika robo.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana basi lilisimama pale hotelini na abiria wakaingia wote pamoja. Nzilani alikuwa ametoka ngazini, anatafuta uji wake. Alifika mlango wa jikoni, akasema hodi. Waithera alikuwa na chapati mikono yote miwili na mteja anamfokea, akasikia ile hodi vizuri kabisa, akanyamaza. Alikusudia kuitika baadaye. Theluji ikaanguka kutoka hotelini hadi sokoni, ikafunika bodaboda zote, ikajaza makarai ya wauza nyanya. Watu walichota mpaka jioni.

Kamati ikakutana, na hapo ikaelewa kwamba theluji hailetwi na baridi, inaletwa na mlango.

Wakagawana kazi kama mwethya, vile wanavyogawana kuchimba matuta shambani: kila boma zamu yake, hakuna wa kukwepa, mgonjwa anasaidiwa na jirani. Nzilani angefika mlangoni saa ya zamu, angebisha, na wenye nyumba wangenyamaza, kwa ajili ya maendeleo ya eneo. Mwangangi aliwaeleza kwamba hakuna anayemchukia mtoto. Wampende tu kwa ndani.

Taabu ilikuwa midomo. Boma la kwanza, mama alikaa kimya vizuri, lakini Nzilani aliposema hodi ya pili mama akasikia sauti yake mwenyewe inasema karibu mwanangu, na theluji ikakatika kana kwamba mtu amefunga bomba. Majirani walikuwa wameshapanga ndoo. Walimsema mama huyo wiki nzima. Wengine wakajifunza kuuma leso. Shemasi mmoja alijaza mdomo githeri ya moto, akaungua, lakini hakuitika, akasifiwa kanisani. Mzee Kimeu, ambaye ni kiziwi, alionekana ana kipawa, akaongezewa zamu. Shuleni watoto walifanyishwa mazoezi: mwalimu anabisha dawati, wao kimya. Aliyeitika alisimama nje.

Tangi likajaa. Likajengwa la pili. Sukuma wiki ilistawi nyuma ya kanisa, ng'ombe wakang'aa, na watu walioga hadi wakaanza kunukiana vizuri. Wanawake hawakwenda tena mtoni, na hilo si jambo la kuchezea. Kuna wasichana waliorudi darasani kwa sababu ya yale maji, na Mwangangi kila mara aliwataja kwa majina.

Na Nzilani hawakumfanyia jeuri. Hiyo lazima isemwe. Kila aliyepita ngazini alimwamkia. Walimwambia, Nzilani, mwanetu, jikaze, wewe ni baraka. Uji wake ulipelekwa kila siku, ila ulipelekwa umepoa, kwa sababu wa moto ulipunguza theluji, na wa vuguvugu pia. Alikuwa ameanza kusema Kiswahili cha Kambu, amejua kucheza mpira wa kati na wasichana wa sokoni. Sasa alikaa ngazini, magoti yamekutana na kidevu, na nywele zake zilikuwa na barafu isiyotoka.

Mheshimiwa alisikia, akaja na magari. Alikata utepe mwingine, akazindua Mradi wa Theluji, akapigwa picha amemshika Nzilani bega, kisha akafuta mkono. Alisema kwa kuwa Kambu sasa imejitosheleza, paipu zilizokusudiwa kuunganisha ule mfereji wa sokoni zitapelekwa kwenye uhitaji zaidi. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa nyama choma tena.

Susu Kanyiva alikwenda kwenye mkutano wa kamati. Hakualikwa, lakini mkutano ulikuwa kanisani na kanisa halina mlinzi. Alisimama na kikapu chake cha njugu, akasema anataka kuuliza swali moja tu.

"Wale watu wa kitabu, si mlisema ni washenzi?"

Mwangangi akafikiri, maana alikuwa mtu wa haki. "Susu, wale hawakuwa na shida ya maji," akasema. "Wale walifunga bure."

Pasta Evanson akaongeza kwamba Bwana hutumia vyombo mbalimbali. Waithera, aliyekuwa mweka hazina, aliangalia sakafu. Susu aliwaambia maneno, mengi, na wote wakamsikiliza kwa adabu anayostahili mtu wa umri wake, kisha wakapitisha ajenda. Alipofika nyumbani alikuta mbuzi wake wanakunywa maji ya tangi, yamewekwa na jirani mwema. Alisimama akiwaangalia. Hakuyamwaga. Iliuma, na hakuyamwaga.

Boma lake lilikuwa limeachwa la mwisho kwenye zamu, kwa heshima. Siku ilipofika watu walikuja na ndoo mapema wakapanga foleni hadi barabarani. Nzilani akaja, akasimama mlangoni, akasema hodi.

"Karibu!" Susu Kanyiva akaitika, kwa sauti iliyosikika kwenye matuta. "Karibu ndani, Nzilani, karibu, karibu."

Akampa uji unaochemka. Theluji ilikauka siku nzima na kesho yake nusu. Watu walirudi na ndoo tupu, na hakuna aliyemfokea, walisikitika tu, kama wanavyosikitika mtu mzima akijiharibia nguo kanisani. Jioni wazee walikuja wakasema kwamba kulea si kazi ya umri wake, na mtoto sasa atalala kwa Pasta, kwenye veranda. Wakambeba. Nzilani hakulia, na theluji iliyoanguka njiani ilijaza njia yote ya kutoka kwa Susu hadi kanisani.

Wiki kadhaa Susu Kanyiva hakuruhusiwa kukaribia ngazi. Aliuza njugu juani. Alhamisi moja, watu wakiwa foleni upande wa tangi, alipita nyuma ya kanisa, akamkuta mtoto peke yake, akaketi naye theluji ikiwaangukia wote wawili. Alimwambia amefikiri. Ana dada yake kijijini Nuu, huko Kitui, mwenye nyumba ya matofali na roho nzuri. Wanaweza kupanda gari leo hii, kabla ya jua kushuka.

Nzilani akamuuliza, "Nuu kuna maji?"

Susu Kanyiva akageuka kuitazama ile foleni ya ndoo.

"Basi nirudishe kitabuni, Susu," mtoto akasema. "Kule nilikuwa nabisha usiku mmoja tu, halafu inaisha. Na wale hawakuwa wananijua. Hapa wananiita mwanetu kwanza, ndio wanafunga."

Susu alilia hapo ngazini bila kujificha, mama mzima, kamasi na machozi. Alitafuta neno la kumgeuza nia yule mtoto, akatafuta kwa Kikamba na kwa Kiswahili, hakulipata. Ndipo akamshika mkono wakaenda kwenye kontena.

Yvonne alikuwa anapanga vitabu. Alisikiliza, akasema kamati itamchinja, kisha akafungua kitabu pale penye mlango wa mwoka mikate na kukiweka chini kwenye mkeka. Alisema pole, Nzilani. Nzilani akasema haidhuru. Susu alimvulia leso yake, yenye mananasi, akamfunga mabegani, akampa njugu, pakiti zote zilizobaki kikapuni. Akamsindikiza kama mgeni anavyosindikizwa, si hadi anakokwenda bali kipande cha njia. Walienda pamoja hadi ukingo wa ukurasa, wakasimama kidogo pale wakizungumza mambo ya kawaida, ya mbuzi na nani ameolewa, vile watu wanavyofanya wasipotaka kuachana. Kisha mtoto akaingia na mlango ukafungwa.

Yvonne alisubiri kidogo, akafunua ukurasa wa mwisho. Msichana alikuwa ngazini, na leso ya mananasi, na maganda ya njugu pembeni. Alikuwa ameganda, anatabasamu. Mji ulikuwa unalia sana, na ndege juu ya paa anaimba. Susu aliangalia ile picha, akasema afadhali alikula, akatoka kwenda kwenye matuta kwa sababu basi la Mombasa lilikuwa linakaribia.

Tangi la kwanza lilikauka kwanza, kisha la pili. Susu Kanyiva aliitwa, akaulizwa, hakukana. Wakamweleza kwa upole kwamba amemwaga maji ya watu. Mama mmoja alisema msichana wake ameacha tena shule, na Susu alimwangalia mama huyo machoni akakubali, kwa sababu ilikuwa kweli. Pasta aliomba asamehewe. Kuna aliyekumbusha habari ya mfereji na zile paipu, lakini Mwangangi akasema mambo ya mheshimiwa ni marefu, na ng'ombe wanataka kunywa leo.

Wakatoka wote wakaenda kwenye kontena. Walimwambia Yvonne ateremshe masanduku. Mwangangi, Pasta na Waithera waliketi kwenye viti vya watoto, wakapitia vitabu kimoja kimoja, wakilowesha vidole. Vya dubu waliviweka kando. Cha mtoto mwenye nyumba na mama na soksi mikononi wakakiweka kando, huyo hana faida. Waithera alisema watafute watoto wembamba. Kulikuwa na kaka na dada waliopotea msituni, wakajadiliwa kwa kirefu, ila waliishia kupata bibi mzee mkarimu, na kamati ikaona kuna hatari. Hatimaye Pasta Evanson akainua kitabu kikubwa, jalada la kijivu: nyumba ya mayatima, kuta za mawe, theluji mwanzo hadi mwisho. Waliulizana ni wangapi humo. Pasta akahesabu kwenye picha kwa kidole, akafika kumi na wanne, akasema Bwana asifiwe.

Mafundi wakaitwa kurefusha ngazi za kanisa. Sementi ilichanganywa na maji ya mwisho ya tangi.

Alhamisi iliyofuata Kambu nzima ilikuwa nje ya kontena, ndoo zimepangwa, watoto wameambiwa wasubiri ishara ya kuitika. Yvonne alisema kifua kinambana, leo hawezi kusoma. Mwangangi akamkumbusha kwa upole kwamba yeye ni mtu wa kanisa. Basi akasoma. Alisoma vibaya kadiri alivyoweza, bila sauti, bila kugonga ukuta, lakini lile neno lilikuwepo kwenye kitabu na alipolifikia ilimbidi alitamke.

"Hodi," akasema.

Kambu ikaitika kwa sauti moja, wake kwa waume, hata Mzee Kimeu ambaye aliguswa bega. Karibuni, wakasema. Karibuni sana.

Wakaingia kwa mstari, wadogo mbele, wakishikana mikono, kila mmoja na kipande chake cha theluji kichwani. Walifurahi. Hakuna aliyewahi kuwaitikia. Mkubwa wao, msichana wa kama miaka kumi, alikung'uta viatu asichafue mkeka, akamwamkia kila mtu kwa zamu, akauliza wao wakae wapi.

Mwangangi akawaonyesha.